Bwana Jicho, Mwinda Usubi, Anaacha Kigoda

Kabla sijamsifu mtu, niwaseme nyinyi kwanza. Ndiyo, nyinyi mnaoshika karatasi hii na kujipepea nayo. Mlikuwa wapi? Mlipohamishiwa kwenye ofisi zenye vioo mliaga kwa machozi, mkasema Bibi tutakuja, Bibi hatutakusahau, na tangu hapo hata kikohozi chenu sijakisikia langoni. Leo mmesikia kuna sherehe na viti vya kukodi, mmejaa mpaka barazani. Haya, karibuni. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji wenu angewangoja nyinyi ndipo apone, mngekuta ameshazikwa.

Sasa nianze kama kamati ilivyotaka. Anayestaafu ni fundi wa maabara ya wadudu hapa kituoni kwetu, ambaye sote tunamwita Bwana Jicho. Ametumikia kituo hiki cha afya kwa miaka thelathini na minne, na siku yake ya mwisho kazini ni tarehe thelathini ya mwezi huu. Aliingia ana nywele, anatoka ana kofia.

Kamati ilitafuta mwenye kalamu nzuri ikamkosa, ikaniangukia mimi mwosha vyombo vya maabara, kwa kuwa ni mimi tu niliyekuwepo siku alipofika. Shule sikuiona hata kupitia dirishani. Herufi nilifundishwa na mstaafu mwenyewe, kwenye vibandiko vya chupa, kwa sababu alisema hawezi kukaa na mtu anayeosha chupa kutwa nzima bila kujua ndani yake kulikuwa na nini. Kwa hiyo mkiona kosa humu, mlaumuni mwalimu.

Na jambo moja niliseme mapema, maana ndilo linaloninyima raha katikati ya shangwe hizi. Hadi ninapoandika, hakuna aliyetajwa kukalia kigoda chake. Daktari Mkuu wetu ni mtu mwema kabisa, ila ana vyumba vichache na mahitaji mengi, naye amesema chumba namba tatu kisipopata mtu wa kutambua usubi kitageuzwa stoo ya viti vibovu. Darubini ifunikwe shuka, mitego ikunjwe. Mnaojua usubi walitufanya nini hapa mtaelewa kwa nini nacheka huku nimekunja uso. Msiojua, kaeni vizuri niwaeleze.

Usubi ni mdudu mdogo kuliko mbu, mdogo mno, rangi yake ya mchanga, mwenye manyoya mwili mzima kama aliyevaa sweta. Akitua husimamisha mabawa kama mtu aliyeambiwa mikono juu. Hajui kuruka vizuri. Anarukaruka, tup, tup, kama mlevi anayepanda ngazi, na upepo wa feni tu unamshinda. Tena haimbi. Mbu ana adabu zake, hupiga hodi sikioni. Huyu anakuuma kimya, nawe asubuhi unajikuna ukidhani ni upele. Anazaliana penye giza, unyevu na uozo: kwenye nyufa za kuta, mashimo ya panya, marundo ya kifusi, samadi ya zizi. Jike ndiye anayeuma, na jua likizama ndiyo kengele yake ya kuingia kazini. Lakini ubaya wake si kuuma. Ubaya ni anachobeba: virusi, vitu vidogo ambavyo hata darubini ya Bwana Jicho haivioni. Tena usubi mama anaweza kuwarithisha wanawe virusi hivyo tangu wakiwa mayai. Urithi gani huo, jamani.

Bwana Jicho alifika hapa kijana mwembamba, amebeba sanduku la mama yake lililofungwa kamba, akaulizia maabara kama anayeulizia ukweni. Kazi aliyopewa ilikuwa kuhesabu mbu. Jina alipewa wiki hiyo hiyo. Wenzake wakiangalia darubini hufumba jicho moja. Yeye yote mawili wazi. Moja linamtazama mbu, la pili linakutazama wewe uliyekuja kuazima kalamu yake. Miaka yote hiyo hakuna aliyefanikiwa kuiba kalamu ya mtu huyu.

Alipenda kazi kupita kiasi, na hilo mkewe ndiye shahidi. Siku ya harusi yao, katikati ya nasaha za wazee, bwana harusi alinyanyuka, akachukua bilauri ya mbele yake, akaifunika ukutani na kutelezesha kipande cha karatasi chini yake. Alikuwa amemwona mbu ambaye hakuwa na rekodi yake mtaa ule. Mama mkwe wake alimtazama kama aliyegundua amemwozesha binti yake kwa kichaa. Leo mama mkwe huyo huyo, akiumwa na mdudu wowote, hamwiti daktari. Anamwita mkwe.

Kila Jumatano alasiri Bwana Jicho alizunguka kutundika mitego. Wa taa una balbu ndogo na feni chini yake. Mdudu anafuata mwanga, feni inamvuta, anaangukia kwenye mfuko wa nyavu ulio juu ya mtungi. Mwingine ni karatasi iliyopakwa mafuta ya nyonyo, inachomekwa penye ufa, mdudu akitoka ananasa. Mafuta hayo yalikuwa yakiisha haraka kuliko karatasi, na wahudumu wa kike wa kituo hiki hawajapata kuwa na nywele laini kama miaka ile. Bwana Jicho, anayeona kila kitu, hilo hakuliona. Au aliliona akawa muungwana.

Alhamisi mitungi ilirudi, wadudu wakauawa kwa baridi ya friza, kisha kazi ya kuwachambua ikaanza. Ilikuwa kazi ya kuumiza shingo, maana mtego huleta mbu, nondo, nzi na vumbi la mtaa mzima. Hapo ndipo Bwana Jicho alipobuni jambo lililompa sifa. Alichukua chujio la chai la ofisi, akamimina mavuno ndani yake, akatikisa. Vumbi likaanguka chini, mbu wakabaki juu wasafi kama walionyolewa. Kazi ya kutwa ikawa ya saa mbili. Wakubwa walikuja kuona, wakapiga picha, wakapeleka mtindo huo vituo vingine. Sisi tukakaa mwezi mzima tukinywa chai yenye majani, kwa sababu nilikataa katakata chujio lile lirudi jikoni.

Tukaishi hivyo miaka mingi, tukijiona wajanja. Kumbe.

Mwaka wa homa ulianza kama mzaha. Walikuja watu wa Mtaa wa Matofali, ule ulio nyuma ya tanuri, ambako kila nyumba imejengwa kwa tofali zilizopasuka na kila uani kuna rundo la vipande na zizi la punda. Mtu anatoka asubuhi mzima, mchana anarudi anatetemeka. Macho mekundu kama aliyekata vitunguu, kichwa kinamgonga nyuma ya mboni, kiuno kama kilichopigwa rungu. Kipimo cha malaria kinasema hakuna kitu. Lakini muuguzi akishika mkono wa moto anaandika malaria, maana ndiyo aliyoizoea, na dawa inatolewa. Siku ya tatu homa inashuka yenyewe, kama ilivyo desturi ya homa hii, na dawa inapewa sifa isiyo yake. Mgonjwa anashukuru, anakwenda zake, ingawa wiki nzima hata ndoo ya maji inamshinda.

Kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Mtu akipona, nani atamhoji?

Hadi alipoletwa binti wa mfyatua tofali, wa darasa la kwanza, ambaye siku yake ya tatu ilifika na homa haikushuka. Shingo ilikakamaa. Degedege likamshika hapa hapa kwenye benchi la mapokezi, nami mwenyewe nikashika miguu yake. Alipelekwa hospitali kubwa, wakatoa maji ya uti wa mgongo, wakasema ubongo umevamiwa na kitu ambacho si malaria, nacho hawakijui.

Mama yake alirudi kituoni kuchukua karatasi, akasimama katikati ya ukumbi, hakupaza sauti hata kidogo. Alisema, "Mlituambia chandarua, tukatundika. Mlituambia mitaro, tukafukia. Sasa mwanangu amelala macho juu. Niambieni, tufukie nini tena? Sisi wenyewe?"

Wengine tuliangalia sakafu. Bwana Jicho alimwangalia yeye, kwa macho yote mawili. Kisha akamwuliza, kwa heshima kabisa, kama angeweza kumpa nafasi alale nyumbani kwake, kwenye kitanda cha yule mtoto, chini ya chandarua kile kile.

Mama alimjibu kwamba karibu, ila punda wake anakoroma.

Asubuhi alirudi kituoni mikono yote imevimba vipele, shingo vipele, hata kope. Watu wa mtaa walikuwa wamemsindikiza njia nzima wakimcheka. Mzee mmoja mchoma tofali alimwambia, "Mwanangu, chandarua kimekukinga kweli kweli. Bila hicho wangekubeba." Lakini Bwana Jicho hakuwa na habari na kicheko. Alikuwa ameshika kichupa kifuani kama mtu aliyebeba yai. Chandarua hakikuwa na tundu lililochanika hata moja. Alikikagua inchi kwa inchi. Ila alfajiri aliona kidudu kinakunja mabawa yake, kinapenya kwenye tundu la kawaida la chandarua, kinaingia kama mwenye nyumba. Akakiacha kimuume, kisha akakifyonza kwa mrija wake, kimeshiba damu. Damu yenyewe ni yake.

Aliingia chumba namba tatu hata salamu hakutoa. Nilidhani anakwenda kwenye darubini. Hapana, alikwenda kwenye pipa la taka. Alhamisi ilikuwa imepita jana yake, na lile vumbi la chini ya chujio lilikuwa bado halijatupwa. Alilimimina kwenye sahani, akaliweka chini ya darubini, akainama.

Lile tuliloliita vumbi lilikuwa usubi. Usubi juu ya usubi, na mabawa yao na sweta zao. Miaka yote walikuwa wakiingia mtegoni, tukiwaleta hapa kwa heshima, kisha tunawapitisha kwenye chujio la chai na kuwatupa, tukibaki na mbu wetu wasafi. Kila ripoti ilisema mtaa ule hauna usubi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi chetu kilikuwa pipani mwetu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka nyinyi wenye vioo mnisikilize. Mtu mwingine angemwaga sahani ile, akanawa mikono, akagundua usubi "kwa mara ya kwanza" mwezi ujao, akapewa cheti. Hakuna ambaye angejua; mimi mwenyewe nilikuwa naona madoa tu. Bwana Jicho alikwenda kwenye kikao cha Jumatatu, mbele ya Daktari Mkuu wa wakati ule na wageni kutoka juu, wale wale waliompiga picha, akaweka chujio mezani. Akasema chujio ni langu, kosa ni langu, na vituo vyote vilivyofuata mtindo wangu viandikiwe leo hii waache. Mgeni mmoja, kwa kumhurumia, alimwambia asijitese kwa ajili ya vumbi. Bwana Jicho akamjibu, "Bwana mkubwa, vumbi halinyonyi damu."

Nilikuwa nimeshika birika ya chai. Nilitaka kuiweka chini nipige vigelegele, lakini kikao ni kikao.

Kujua mdudu yupo hakutoshi. Ilibidi ijulikane amebeba nini. Na hilo, mwili wake ndio uliotoa jibu. Siku chache baada ya kikao kile alianguka. Macho mekundu, kichwa, kiuno, yote yale yale. Alipoona anaumwa akafurahi, mjue. Akaja akiwa amejifunga blanketi, akaagiza atolewe damu kabla homa haijashuka, kisha usubi aliokuwa ameendelea kuwakamata Mtaa wa Matofali wakafungwa kwenye barafu pamoja na damu yake, vikasafirishwa hadi maabara kubwa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji, akasema, "Wenzako wakienda kulala nje wanarudi na uongo. Wewe umerudi na homa, tena unaringa nayo."

Jibu likarudi: virusi vya usubi, kwenye damu yake na kwenye wadudu, vya aina moja. Na alama za vita vya mwili dhidi ya virusi hivyo hivyo zikakutwa kwenye damu ya yule binti. Kwa wengi virusi hivi huleta homa ya siku tatu na kuondoka. Kwa wachache vinapanda hadi kwenye ubongo na utando wake, na watoto ndio tunaowaogopea zaidi. Chanjo hakuna. Dawa ya kuviua hakuna. Unampa mgonjwa maji, dawa ya kushusha homa, na macho yasiyolala. Kwa hiyo kinga ni kumzuia mdudu, na huwezi kumzuia mdudu usiyemhesabu.

Binti alirudi nyumbani. Sikio moja halisikii vizuri, naye amelifanya faida: akitumwa dukani anageuza upande huo. Mama yake ndiye aliyekuwa mkono wa kulia wa Bwana Jicho kuanzia hapo, na nasema hivi ili asije mtu akadhani mwanamume mmoja mwenye darubini aliokoa mtaa. Sisi tulikwenda kuwaambia wazibe nyufa. Wakaziba kwa bidii sana, kwa udongo uliochanganywa na samadi ya punda, maana ndivyo walivyozoea kupiga kuta. Usubi wakawa kama waliojengewa hoteli na chakula mezani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa. Hakuna aliyetuambia mambo ya ukiziba kwa mavi. Ni mama yule aliyeona kwamba usubi walizidi kwenye kuta mpya, akaja kulalamika, na yeye na Bwana Jicho wakabishana barazani hadi wakafikia udongo wa mchanga na chokaa. Walibishana kama mawifi, nasi tulivuta mabenchi tukasikiliza.

Vifusi viliondolewa kuzunguka nyumba. Mazizi yakasogezwa mbali na vyumba vya kulala, samadi ikapelekwa mashambani kabla haijaoza mlangoni. Vyandarua vilibadilishwa, vikaja vya matundu madogo na vyenye dawa. Wauguzi wetu, na hapa Bwana Jicho alikuwa mkali kuliko mkwaju, wakafundishwa kwamba homa yenye kipimo safi haiitwi malaria kwa kuwa mkono ni wa moto. Waliitwa chumbani mmoja mmoja, wakakalishwa kwenye darubini, wakaonyeshwa yule mwenye sweta. Kuna mmoja alipiga kelele akakimbia. Leo ndiye muuguzi mkuu, simtaji, anajijua, amekaa safu ya mbele amevaa bluu.

Homa haikuisha. Nisiwadanganye siku ya sherehe. Usubi wapo, kila msimu wa joto wanaongezeka, na miji inavyojengwa ovyo wanapata nyufa mpya kila mwaka. Lakini tangu hapo hatujashtukizwa tena. Mitungi ya Alhamisi ikianza kuwa na usubi wengi, Bwana Jicho alitoka chumbani kabla mtoto wa kwanza hajaanza kutetemeka, akamwambia Daktari, na mabango yakawa barabarani wiki hiyo. Misimu miwili mfululizo aliiwahi homa mlangoni. Watoto waliolala usingizi wao misimu hiyo hawajui hata jina lake. Hiyo ndiyo kazi ya afya ya jamii: ukiifanya vizuri, hakuna anayekushukuru, kwa sababu hakuna lililotokea. Basi namshukuru mimi.

Msidhani ni malaika. Ni mbahili wa balbu kama aliyezitengeneza yeye. Anaimba akichambua wadudu, wimbo mmoja, sauti moja, na hivyo viwili havijapatana hadi leo. Akiudhika hasemi, anafuta miwani, na mtu akimwona anafuta miwani anaondoka chumbani kwa kutembea kinyumenyume. Aliwahi kunikasirikia siku mbili nzima kwa sababu nilimwua buibui wake. Buibui wake, eti. Alimwita mfanyakazi mwenzetu.

Lakini nilipofiwa na mume wangu, ni yeye aliyekuja kukaa nami barazani bila kusema pole hata moja. Alikaa akimenya machungwa, akanipa, akamenya mengine. Watu waliokuja na maneno mengi nimewasahau. Machungwa yale nayakumbuka.

Mdogo wangu, Bwana Jicho, sasa nasema nawe uso kwa uso. Asante kwa kutuheshimu sote, wadudu na watu. Asante kwa siku uliyoweka chujio mezani, maana tangu hapo hakuna mtu katika kituo hiki aliyeona aibu kusema nimekosea, na wagonjwa wamefaidi. Shingo yako ipumzike. Macho yako yatazame wajukuu, mawili yote. Lala hadi jua likupate kitandani, kula polepole, gombana na mkeo kwa nafasi mliyokosa miaka yote hii. Mungu akupe uzee mtamu na magoti yasiyolia.

Na usirudi. Nimesikia ulimwambia Daktari Mkuu kwamba utakuja kila wiki bure mpaka apatikane mtu. Mkeo alikuja kwangu, akakaa kwenye ndoo yangu, akasema, "Dada, tangu siku ya harusi nimewaazima mume wangu. Sasa namtaka arudi, hata kama amechakaa." Nikamwahidi. Nikikuona langoni siku ya Alhamisi nitakufukuza kwa fagio mbele ya wagonjwa.

Kwa hiyo tumerudi kwenye kigoda, wajukuu zangu wenye vioo. Katika nyinyi mliokaa hapa wapo watano ambao Bwana Jicho aliwafundisha kumtambua usubi kwa mabawa yake, mkajua, mkasifiwa, mkahama. Ujuzi mlihama nao vichwani. Hapa hamkuacha hata wa kuonjesha. Juzi nilimfuata Daktari Mkuu ofisini na ndoo yangu mkononi, nikamwambia hatoi chumba kile mimi nikiwa hai. Hakunifokea. Alivua miwani, akasema, "Bibi, niletee mtu mmoja anayejua, kila wiki, hadi serikali itupe wa kudumu, nami kile chumba sitakigusa." Mmoja kila wiki. Mpo watano. Mtu asiyesoma amepiga hesabu akaona kila mmoja anafikiwa na zamu mara moja tu kwa wiki tano. Ninyi mliosoma mnaona nini?

Mitego itatundikwa, hilo halina wasiwasi. Mama yule wa Mtaa wa Matofali na majirani zake wameshaichukua, wanajua balbu na mafuta kuliko sisi. Wanachokosa ni jicho la kusema huyu ndiye na huyu siye, na wameongezeka wangapi.

Basi mkija tena, msinijie na nguo za sherehe na maneno ya Bibi tulikukumbuka. Njooni Alhamisi asubuhi, mpitie kwanza kwa mama yule nyuma ya tanuri, mchukue mitungi iliyolala huko, muibebe wima, msiitikise njiani. Ufunguo wa chumba namba tatu nimeufunga kwenye pindo la kanga yangu. Mwenye mtungi nitamfungulia na chai nitampa. Asiye na mtungi akasalimie nyumba nyingine.